Dirisha Likivutwa, Nani Anyooke? Mwongozo wa Kupanga Vitu Ndani ya Programu za Tkinter

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipigia simu asubuhi moja: "Kijana, hiki kitu chako hakina pa kuhifadhi." Nikambishia kidogo, maana kitufe cha Hifadhi nilikiweka mwenyewe, chini kulia, na nilikuwa nimekibonyeza mara zisizo na idadi. Nilipofika dukani nikanywea. Programu niliiandikia nyumbani kwenye skrini kubwa ya mezani. Yeye alikuwa na laptopu ya pikseli 1366 kwa 768. Jedwali la bidhaa nililiagiza liwe na mistari 35, kila mstari pikseli 20. Hiyo ni 700 tayari, kabla hujahesabu kisanduku cha kutafutia, kichwa cha dirisha na ule upau wa Windows wa chini. Vitufe vikabaki huko chini, nje ya macho. Alikuwa ameandika mauzo ya siku mbili bila kuhifadhi hata mstari.

Alijaribu kulitanua dirisha lijaze skrini nzima, haikusaidia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu halikuwa ukubwa wa dirisha. Sikuwa nimeiambia programu ni nani apungue nafasi ikipungua, na ni nani anenepe ikizidi. Dirisha ni kama siti ya nyuma ya daladala: akipanda wa tano, lazima mtu asogee, na konda asiposema ni nani, atabanwa yule aliyeko pembeni.

Mwongozo huu ni wa Tkinter, ile maktaba ya kuchora madirisha inayokuja pamoja na Python. Kama uko Windows na uliweka Python kutoka tovuti yake rasmi, kwa kawaida unayo tayari. Ubuntu na Debian huitenga, kwa hiyo iweke kwa `sudo apt install python3-tk`. Kuhakikisha, andika `python3 -m tkinter` (Windows ni `python -m tkinter`). Kidirisha kidogo kikifunguka, twende kazi.

Hatua ya 1: Anza na karatasi

Usiguse kibodi kwanza. Chora dirisha lako kwa kalamu, halafu kwenye kila kitu weka mishale: mshale wa kulala kama kinaruhusiwa kupanuka kwa upana, mshale wa kusimama kama kinaruhusiwa kwa urefu, na kisicho na ruhusa kiache kitupu.

Kwa programu ya duka, mchoro wangu ulikuwa hivi. Lebo ya "Tafuta bidhaa" haina mshale. Kisanduku cha kuandikia kina mshale wa kulala tu. Kisanduku cha mstari mmoja kikirefuka kwenda chini kinaonekana kama dirisha limeugua. Jedwali lina mishale yote miwili. Vitufe havina. Kuna watu hupenda vitufe vinyooke na dirisha, nami nimeona programu ambayo kitufe cha "Sawa" kina upana wa meza. Sishauri.

Ukiona mchoro wako hauna hata kitu kimoja chenye mshale wa kusimama, basi dirisha lako halihitaji kurefuka, na unaweza kulifunga upande huo kwa `dirisha.resizable(True, False)`. Kufunga pande zote mbili ni kukimbia kazi. Kuna mtu ataongeza ukubwa wa herufi kwenye kompyuta yake kwa sababu ya macho, na atakuta maandishi yamekatwa na dirisha halivutiki.

Hatua ya 2: Weka vitu kwenye gridi

Tkinter ina njia tatu za kupanga: `pack`, `grid` na `place`. Tutatumia `grid`, ambayo hugawa eneo kwa safu wima na safu mlalo, zote zikihesabiwa kuanzia 0. Kodi ya kuanzia (siyo ile ya mwenye nyumba) ni hii, na fremu utakayoiona humo ni kisanduku kisichoonekana cha kubebea vitu vingine:

```
import tkinter as tk
from tkinter import ttk

dirisha = tk.Tk()
dirisha.title("Mauzo ya duka")

fremu = ttk.Frame(dirisha, padding=10)
fremu.grid(row=0, column=0)

ttk.Label(fremu, text="Tafuta bidhaa").grid(row=0, column=0)
tafuta = ttk.Entry(fremu)
tafuta.grid(row=0, column=1)

jedwali = ttk.Treeview(fremu, show="headings", height=6,
                       columns=("bidhaa", "idadi", "bei"))
for jina in ("bidhaa", "idadi", "bei"):
    jedwali.heading(jina, text=jina.capitalize())
jedwali.grid(row=1, column=0, columnspan=2)

vitufe = ttk.Frame(fremu)
vitufe.grid(row=2, column=0, columnspan=2)
ttk.Button(vitufe, text="Futa").grid(row=0, column=0)
ttk.Button(vitufe, text="Hifadhi").grid(row=0, column=1)

dirisha.mainloop()
```

Iendeshe, kisha vuta kona ya chini kulia. Kila kitu kitaganda juu kushoto na nafasi tupu itamwagika kulia na chini. Sasa lipunguze dirisha: vitufe vinamezwa kwanza. Huo ndio ugonjwa wa yule mwenye duka.

Hatua ya 3: Tenganisha maswali mawili

Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea muda mrefu. Kuna maswali mawili, na kila moja lina amri yake.

La kwanza: chumba cha gridi kinapanuka? Hilo hujibiwa na `weight`, yaani uzito wa safu. Kawaida uzito ni 0, maana yake safu hiyo haipokei hata pikseli moja ya nafasi inayozidi.

La pili: kitu kilichomo ndani ya chumba kinang'ang'ania kuta zipi? Hilo hujibiwa na `sticky`, kwa herufi za pande za dira: n ni juu, s chini, e kulia, w kushoto. Kitu chenye `sticky="ew"` kimeshika ukuta wa kulia na wa kushoto kwa mikono miwili, kwa hiyo chumba kikipanuka kinanyooka nacho. Chenye `"e"` tu kinasogea kulia bila kunyooka. Kisicho na `sticky` kinakaa katikati ya chumba kwa ukubwa wake uleule.

Ukitoa uzito bila `sticky`, chumba kinapanuka na kitu kinaelea katikati. Ukitoa `sticky` bila uzito, kitu kimeshika kuta, lakini kuta zenyewe hazisogei. Unahitaji vyote viwili. Rekebisha mistari hii:

```
fremu.grid(row=0, column=0, sticky="nsew")
tafuta.grid(row=0, column=1, sticky="ew", padx=(8, 0))
jedwali.grid(row=1, column=0, columnspan=2, sticky="nsew", pady=8)
vitufe.grid(row=2, column=0, columnspan=2, sticky="e")

fremu.columnconfigure(1, weight=1)
fremu.rowconfigure(1, weight=1)
```

Safu wima ya 1 ndiyo yenye kisanduku cha kutafutia, safu mlalo ya 1 ndiyo yenye jedwali. Endesha tena, vuta kona.

Vitu vimejipanga upya kidogo ndani ya fremu, lakini ukivuta bado hakuna kinachonyooka. Usifute kodi, soma hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Fuata ukoo mpaka juu

Uzito tuliouweka ni wa ndani ya `fremu`. Lakini `fremu` yenyewe inakaa ndani ya `dirisha`, kwenye chumba cha 0,0, na chumba hicho hatujakipa uzito. Unapovuta kona, dirisha linapanuka, chumba hakipanuki, fremu haipati kitu, na watoto wake hawawezi kugawana ambacho baba hakupewa.

```
dirisha.columnconfigure(0, weight=1)
dirisha.rowconfigure(0, weight=1)
```

Sasa vuta. Kisanduku kinanyooka, jedwali linajaza, vitufe vinakimbilia kulia chini na kukaa hapo.

Mistari hii miwili ndiyo husahauliwa kuliko yote. Kila unapoingiza fremu ndani ya fremu, unaongeza kizazi kwenye ukoo, na kila kizazi kinadai uzito wake na `sticky` yake. Uone hapa tunapoongeza upau wa kusogeza, ambao hukaa vizuri zaidi ukiwa kwenye fremu moja na jedwali. Mistari yote ya jedwali ya mwanzo iondoe, weka hii:

```
eneo = ttk.Frame(fremu)
eneo.grid(row=1, column=0, columnspan=2, sticky="nsew", pady=8)
eneo.columnconfigure(0, weight=1)
eneo.rowconfigure(0, weight=1)

jedwali = ttk.Treeview(eneo, show="headings", height=6,
                       columns=("bidhaa", "idadi", "bei"))
for jina in ("bidhaa", "idadi", "bei"):
    jedwali.heading(jina, text=jina.capitalize())
jedwali.grid(row=0, column=0, sticky="nsew")

upau = ttk.Scrollbar(eneo, orient="vertical", command=jedwali.yview)
upau.grid(row=0, column=1, sticky="ns")
jedwali.configure(yscrollcommand=upau.set)
```

Safu wima ya upau haina uzito kwa makusudi, unene wake haupaswi kubadilika. Upau wenyewe una `"ns"` ili urefuke sambamba na jedwali. Ukiiacha, utaona kaupau kafupi kamesimama katikati.

Ukikwama na hujui kizazi gani kimekata mnyororo, paka rangi. Fremu za `ttk` hazikubali `bg`, kwa hiyo badilisha kwa muda ziwe `tk.Frame(dirisha, bg="tomato")`, nyingine `"gold"`, nyingine `"skyblue"`. Ondoa na `padding`, kwa sababu `tk.Frame` haiijui. Vuta kona, kisha tazama rangi ipi imebaki ndogo: mzazi wake ndiye hajapewa uzito, au yenyewe haina `sticky`. Mbinu hii imeniokoa zaidi ya kusoma nyaraka.

Hatua ya 5: Sasa lipunguze

Wengi hujaribu kwa kutanua tu. Kutanua kukiharibika, sura ya dirisha inakuwa mbaya. Kupunguza kukiharibika, mtu anapoteza mauzo ya siku mbili.

Uzito hufanya kazi pande zote. Nafasi ikipungua, safu zenye uzito ndizo zinazopunguzwa, na zenye 0 haziguswi. Ndiyo maana sasa ukilibana dirisha, jedwali linajikunja na vitufe vinabaki vimesimama. Mwenye duka anaona mistari minne badala ya kumi, lakini Hifadhi ipo.

Jedwali lisipungue mpaka likatoweka. Liwekee sakafu, na dirisha zima nalo liwekee sakafu:

```
fremu.rowconfigure(1, weight=1, minsize=120)
dirisha.minsize(440, 300)
dirisha.geometry("800x520")
```

Namba za `minsize` sizikisii. Nalibana dirisha mpaka nione sasa halifai kitu, nalirudisha kidogo, kisha naichapisha `dirisha.geometry()` ili nisome ukubwa uliofikiwa. Wapo wanaotumia `winfo_reqwidth()` na `winfo_reqheight()` kama kiwango cha chini. Inafaa kwa fomu ndogo. Kwa dirisha lenye jedwali ina mtego: jedwali la safu wima tatu, kama hujapanga upana, huomba pikseli 200 kwa kila safu, na hapo umemlazimisha mtu kwenye pikseli 600 na zaidi bila sababu.

Hilo linanikumbusha sheria ninayoishi nayo: omba kidogo, panuka kwa uzito. Dirisha lisipopewa ukubwa, hufunguka kwa kadiri ya maombi ya vitu vilivyomo. Kisanduku cha maandishi marefu, yaani `tk.Text`, huomba herufi 80 kwa mistari 24 usipokiambia neno. Kiandikie `width=40, height=6`, kisha uzito ukinyooshe. Ningalijua hili mapema nisingaliandika `height=35`.

Hatua ya 6: Gawana kwa haki, kama kuna wawili wenye njaa

Ukiwa na safu mbili zenye uzito, zinagawana kile *kinachozidi*, si eneo lote. Tuseme ya kushoto iliomba pikseli 400 na ya kulia 100, zote uzito 1. Dirisha likiongezeka 200, utapata 500 na 200, wala si 350 kwa 350. Ukitaka zilingane kweli, ziweke kundi moja kwa `uniform`, ukichagua jina lolote:

```
fremu.columnconfigure(0, weight=1, uniform="pande")
fremu.columnconfigure(1, weight=1, uniform="pande")
```

Ukiweka 2 na 1 ndani ya kundi moja, upana utafuata uwiano huo kila wakati. (Hii ni mfano tu, usiiingize kwenye programu yetu ya duka.) Kama unataka mtumiaji mwenyewe aburute mpaka kati ya pande mbili, tumia `ttk.Panedwindow`, kila upande unaoongeza unaupa `weight` palepale kwenye `add`.

Jedwali nalo lina mgawanyo wake wa ndani, ambao gridi haiujui. Safu zake zote hunyooka pamoja, kwa hiyo "Idadi" yenye tarakimu mbili inapewa upana kama wa jina la bidhaa. Zuia zile za namba:

```
jedwali.column("bidhaa", width=260, minwidth=120)
jedwali.column("idadi", width=70, stretch=False, anchor="e")
jedwali.column("bei", width=110, stretch=False, anchor="e")
```

Hatua ya 7: Maandishi marefu

Lebo haijui kukunja maandishi yake kufuata dirisha. Ukiiandikia sentensi ndefu, itaomba upana wa sentensi nzima na dirisha litafunguka kama treni. Ipe `wraplength` ya kuanzia, kisha isasishe kila lebo inapobadilika ukubwa, kupitia tukio la `<Configure>`:

```
maelezo = ttk.Label(fremu, wraplength=400,
    text="Bei zote ni za rejareja. Kwa mzigo wa jumla, "
         "muulize mwenye duka kabla ya kuandika mauzo.")
maelezo.grid(row=3, column=0, columnspan=2, sticky="ew")

def kunja(tukio):
    maelezo.configure(wraplength=tukio.width - 4)

maelezo.bind("<Configure>", kunja)
```

Ifunge kwenye lebo yenyewe. Ukiifunga kwenye `dirisha`, utapokea matukio ya kila kitu kilichomo ndani, upana wa kitufe utachukuliwa kuwa upana wa dirisha, na utashangaa maandishi yanasimama wima kama mnazi. Ikikubidi kabisa, anza na `if tukio.widget is not dirisha: return`.

Tukio hilo pia huja mfululizo wakati mtu anaburuta. Kama kazi yako ni nzito, mathalani kuchora grafu upya, usiifanye kila mara. Subiri mkono utulie:

```
kazi = None

def imebadilika(tukio):
    global kazi
    if kazi:
        dirisha.after_cancel(kazi)
    kazi = dirisha.after(150, chora_upya)
```

Hapo `chora_upya` ni kazi yako ya kuchora, na 150 ni milisekunde.

Kuhusu zile njia nyingine mbili

`pack` si adui. Kwa dirisha la vitu viwili vitatu ni nyepesi: `fill` ni kama `sticky`, `expand` ni kama uzito. Kumbuka tu kwamba nafasi ikibana, kilichopangwa mwisho ndicho kinachominywa kwanza. Kwa hiyo vitufe vya chini vipange *mapema*, kwa `side="bottom"`, halafu ndipo jedwali lije na `fill="both", expand=True`. Usichanganye `pack` na `grid` kwa watoto wa mzazi mmoja. Tkinter itakutupia kosa. Kwenye fremu tofauti, changanya upendavyo.

`place` ya kuandika pikseli kamili naiepuka kabisa kwenye fomu. Siku utakapotafsiri programu yako, "Save" ikawa "Hifadhi" na "Password" ikawa "Nenosiri la kuingilia", lebo zitapandana. Gridi huipima lebo yenyewe na kuipa chumba kinachoitosha.

Hatua ya 8: Jaribu kwa herufi kubwa

Kabla ya kumpelekea mtu programu, weka mistari hii mara baada ya kuunda `dirisha`:

```
from tkinter import font
font.nametofont("TkDefaultFont").configure(size=16)
```

Lebo na vitufe vitakua, gridi itajipanga. Kitakachokuangusha ni jedwali: urefu wa mistari yake haufuati herufi, kwa hiyo maandishi yatakatwa juu na chini. Pima herufi ndipo uupange:

```
urefu = font.nametofont("TkDefaultFont").metrics("linespace")
ttk.Style().configure("Treeview", rowheight=urefu + 6)
```

Mistari miwili hii ya mwisho iache hata baada ya jaribio. Ile ya `size=16` itoe, kisha weka `dirisha.geometry("1366x700")`, endesha, libane mpaka ligome, na uhakikishe katika kila hali kwamba kitufe cha Hifadhi unakiona na kinabonyezeka.